Klasta ya Seva Katika Subneti Nyingi: Anwani Ikihama, Nani Ataambiwa?

Klasta ya upatikanaji wa juu, yaani kundi la seva zinazosaidiana ili huduma isikatike, hujengwa kwa ahadi moja, kwamba seva inayotoa huduma ikianguka, nyingine itaipokea kazi yake kabla watumiaji hawajapata sababu ya kulalamika. Seva zote zikiwa katika subneti moja, yaani sehemu moja ya mtandao ambamo mashine huwasiliana moja kwa moja, ahadi hiyo hutimia kwa urahisi kiasi kwamba wasimamizi wengi hawana haja ya kuuliza inatimiaje. Mambo hubadilika pale seva ya pili inapowekwa nyuma ya ruta, kifaa kinachopitisha pakiti kati ya subneti, iwe ni katika jengo jingine, kituo kingine cha data au kanda nyingine ya huduma za wingu. Klasta huundika vizuri, nodi (seva wanachama wake) huonana, na skrini ya usimamizi huonyesha kijani kitupu. Kisha seva ya kwanza inapozimika kweli, huduma huhamia ya pili kama ilivyopangwa, lakini wateja huendelea kuitafuta mahali isipokuwapo tena.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa programu ya klasta, ilhali yenyewe imefanya kazi yake. Kilichokosekana ni taarifa. Huduma inapohama, lazima kuwe na mtu wa tatu anayeambiwa kwamba imehama, na kuvuka ruta humbadilisha mtu huyo. Katika subneti moja anayeambiwa ni swichi na mashine jirani. Katika subneti mbili, anayeambiwa hana budi kuwa DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani), au ruta zenyewe, au kisawazisha mzigo kilichokaa mbele ya seva na kuzigawia maombi, au programu ya mteja. Msanifu anayelijibu swali hili mapema hupata usanidi unaoeleweka. Asiyelijibu huishia kurekebisha vigezo kimoja baada ya kingine bila kujua kwa nini cha leo kimesaidia na cha jana hakikusaidia.

Kinachofanyika kimya katika subneti moja

Tuchukue seva mbili katika subneti 10.20.1.0/24, moja ikiwa na anwani 10.20.1.11 na nyingine 10.20.1.12. Juu ya anwani hizo, klasta humiliki anwani ya tatu, tuseme 10.20.1.50, ambayo haijafungwa kwa seva yoyote. Huitwa anwani ya kuelea, na ndiyo wateja wanayoijua. Mashine iliyo katika subneti hiyo ikitaka kuifikia, hutumia itifaki ya ARP, iliyoelezwa katika RFC 826 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) ya mwaka 1982, kuuliza subneti nzima ni kadi gani ya mtandao yenye anwani hiyo, kisha huhifadhi jibu kwa muda ili isiulize kila mara. Ruta ya subneti hiyo hufanya vivyo hivyo kwa niaba ya wateja walio mbali.

Seva ya kwanza ikifa, ya pili hujipa anwani 10.20.1.50 na papo hapo hutoa tangazo la ARP ambalo halikuombwa na yeyote, likisema kwamba anwani hiyo sasa iko kwenye kadi yangu. Mashine jirani na ruta hufuta kumbukumbu ya zamani, swichi hujifunza mlango mpya, na mteja haoni kilichobadilika ila muunganisho wake kukatika na kuunganika upya. Itifaki ya VRRP, inayotumiwa sana na ruta pamoja na programu ya keepalived kwenye Linux, hufuata mkondo huohuo: nodi kuu hutangaza uhai wake kila sekunde moja kwa anwani ya kundi 224.0.0.18, na nodi ya akiba isiposikia kwa muda wa takriban matangazo matatu na ziada kidogo, huichukua anwani.

Nguzo zote za utaratibu huu zinasimama ndani ya subneti. Tangazo la ARP halivuki ruta. Matangazo ya VRRP nayo hayapelekwi mbele na ruta, na kwa makusudi mpokeaji hulitupa tangazo lolote ambalo kihesabu chake cha uhai si 255, kwa kuwa thamani iliyopungua ina maana kwamba pakiti imepita kwenye ruta. Zaidi ya hapo, anwani yenyewe ina mahali pake. Ruta nyingine zote zinajua kwamba chochote kinachoanza na 10.20.1 kiko upande huu. Seva iliyoko 10.20.2.0/24 ikijipa 10.20.1.50, pakiti zitaendelea kupelekwa upande wa kwanza na kupotelea huko, hata seva hiyo itangaze kwa sauti gani.

Kishawishi cha kuirefusha subneti

Jibu la kwanza linalowajia watu wengi ni kuikwepa shida kwa kuifanya subneti moja ifike pande zote mbili. Kabla ya Windows Server 2008, klasta za Microsoft hazikuwa na njia nyingine, kwa sababu nodi zote zililazimika kuwa katika subneti moja. Aliyetaka vituo viwili alilazimika kurefusha VLAN, yaani mtandao pepe wa swichi, kati yake. Leo kazi hiyo hufanywa zaidi kwa VXLAN, iliyoelezwa katika RFC 7348 ya mwaka 2014, ambayo huzifunga fremu za Ethernet ndani ya pakiti za UDP na kuzipitisha juu ya mtandao wa kawaida wenye ruta.

Njia hii hufanya kazi, na kuna hali ambamo haina mbadala, hasa pale programu ya zamani ilipoandikiwa anwani ya IP ndani ya msimbo wake na hakuna aliyebaki wa kuibadilisha. Hata hivyo, anayeichagua kwa sababu tu ni rahisi kuielewa anapaswa kujua gharama yake. Subneti iliyorefushwa huunganisha pia maafa: dhoruba ya matangazo inayosababishwa na kitanzi kwenye swichi za upande mmoja huufikia upande wa pili, na vituo viwili vilivyojengwa ili kimoja kimwokoe mwenzake huanguka pamoja. Ruta ya lango la subneti nayo ikiwa upande mmoja tu, seva iliyohamia upande wa pili italazimika kupeleka kila jibu upande wa zamani kwanza, na pakiti zitasafiri kwenda na kurudi kwenye kiungo cha mbali bila sababu. Aidha VXLAN juu ya IPv4 huongeza baiti 50 kwa kila fremu, hivyo mtandao wa chini usipopanuliwa, pakiti kubwa zitaanza kupotea kwa namna ambayo tutairudia baadaye. Kwa maoni yangu, kuirefusha subneti ni deni: lina matumizi yake, ila anayelichukua awe na sababu inayotamkika.

DNS, na sekunde ambazo hakuna aliyezihesabu

Njia inayotumiwa zaidi na klasta za Windows ni kuipa huduma jina moja na anwani mbili, moja kwa kila subneti. Tangu Windows Server 2008, rasilimali ya jina (sehemu ya klasta inayoshikilia jina la huduma) inaweza kutegemea anwani 10.20.1.50 au 10.20.2.50, na neno muhimu hapo ni “au”: jina huhesabiwa kuwa hai mradi anwani moja iwe hai. Huduma ikiwa upande wa kwanza, anwani ya kwanza huwashwa na ya pili hubaki imezimwa; ikihama, hubadilishana. SQL Server iliupokea utaratibu huu kikamilifu katika toleo la 2012.

Swali linalofuata ni kipi kinachoandikwa kwenye DNS, na hapa ndipo usanidi mwingi unapoharibikia. Kigezo kinachoitwa RegisterAllProvidersIP kikiwa 1, anwani zote mbili huandikwa kwenye DNS wakati wote, pamoja na ile iliyozimwa. Mteja akiuliza jina, hupewa anwani mbili, na mteja wa kizamani huzijaribu moja baada ya nyingine. Akianza na iliyozimwa, hakuna anayemjibu kwamba amekosea. Pakiti yake ya kufungua muunganisho hupotea, naye husubiri, hurudia, husubiri tena kwa muda mrefu zaidi. Kwenye Windows, subira hiyo kwa kawaida huchukua takriban sekunde 21 kabla ya kukata tamaa na kuijaribu anwani ya pili. Maktaba ya kawaida ya kuunganisha programu za .NET na SQL Server, kwa upande wake, imepewa sekunde 15 tu za kukamilisha muunganisho mzima. Mteja hufikia ukomo kabla hajaigusa anwani iliyo hai.

Kwa kuwa seva za DNS huzungusha mpangilio wa majibu, dalili yake hupotosha sana: muunganisho mmoja hufaulu, mwingine hufeli, wa tatu hufaulu. Fundi huanza kuchunguza nyaya, kadi za mtandao na fayawoli, kumbe mtandao hauna hitilafu yoyote na hali hii ilikuwapo tangu siku ya kwanza, hata kabla ya seva yoyote kuanguka. Dawa yake ni kuongeza MultiSubnetFailover=True kwenye maelezo ya muunganisho, jambo linalomfanya mteja azijaribu anwani zote kwa pamoja na kuikubali inayojibu kwanza. Kwa mteja anayeielewa amri hiyo, hii ndiyo njia bora kuliko zote zinazotegemea DNS, kwa sababu huduma inapohama hakuna rekodi inayohitaji kubadilishwa. Mteja alikuwa na anwani zote mbili tangu mwanzo.

Pale ambapo kuna wateja wasioielewa, kigezo cha RegisterAllProvidersIP huwekwa 0, ili anwani iliyo hai pekee ndiyo iandikwe na klasta iibadilishe rekodi kila inapohama. Hapo tunaingia katika tatizo jingine, la rekodi ya zamani kukaa katika kumbukumbu za wateja. Muda wa kuihifadhi (TTL), unaowekwa na kigezo cha HostRecordTTL, kwa chaguo-msingi ni sekunde 1200, yaani dakika 20 nzima ambamo mteja anaweza kuendelea kuamini anwani iliyokufa. Kuushusha hadi sekunde 300 au pungufu ni jambo la kawaida, na seva za DNS za leo hubeba maswali ya ziada bila taabu. Ikumbukwe kwamba mabadiliko ya vigezo hivi viwili hayaanzi kutumika mpaka rasilimali ya jina izimwe na kuwashwa tena.

Kushusha TTL pekee hakutoshi. Kanda ya DNS ikiwa imehifadhiwa ndani ya Active Directory (saraka ya Microsoft ya watumiaji na kompyuta), badiliko lililoandikwa kwenye seva ya DNS ya kituo kimoja husubiri ratiba ya urudufishaji kati ya vituo kabla ya kuonekana kwenye kingine, na ratiba hiyo kwa chaguo-msingi ni kila dakika 180. TTL ya dakika tano haina maana yoyote kwa mteja anayeuliza seva ya DNS ambayo yenyewe haijapata habari. Baadhi ya programu nazo huweka kumbukumbu zao wenyewe. Zilizoandikwa kwa Java zimewahi kujulikana kwa kushikilia jibu la DNS hadi programu izimwe, pale zinapoendeshwa chini ya msimamizi wa usalama wa Java. Kwa hiyo anayechagua DNS anapaswa kufuatilia safari nzima ya rekodi, tangu klasta inapoiandika hadi programu ya mwisho inapoisoma, na kujua muda wa kila kituo.

Kuziachia ruta kazi

Kuna wanaoona kwamba kumtegemea mteja ajifunze ni kujitafutia matatizo, na kwamba wanaopaswa kujua anwani iko wapi ni ruta, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yao. Katika njia hii anwani ya huduma huondolewa kabisa kwenye subneti za seva. Tuseme ni 10.99.0.5, isiyo ya upande wowote. Seva inayotoa huduma huiweka kwenye kiolesura cha ndani na, kwa kutumia programu kama FRR au BIRD, huitangazia ruta jirani kwa BGP, itifaki ambayo ruta huitumia kuambiana njia, kama njia ya anwani moja tu, /32. Ruta siku zote huchagua njia iliyo mahususi zaidi, kwa hiyo tangazo hilo hushinda njia pana zaidi zilizopo. Huduma ikihama, seva ya zamani huliondoa tangazo lake na mpya hutoa lake. Mteja huendelea kutumia anwani ileile, na jina lake katika DNS halibadiliki kamwe.

Uzuri wa njia hii umefichwa nyuma ya kigezo kimoja. Seva ikifa ghafla, haina nafasi ya kuliondoa tangazo, na ruta huendelea kuliamini hadi muda wa subira wa BGP uishe. RFC 4271 inapendekeza sekunde 90, na baadhi ya ruta huja na sekunde 180. Ndiyo maana BGP hapa huambatanishwa na BFD, itifaki ndogo iliyoelezwa katika RFC 5880 ya mwaka 2010, ambayo kazi yake pekee ni kugundua upesi kwamba jirani ametoweka: vipindi vya milisekunde 300 vikikosekana mara tatu, hitilafu hugunduliwa chini ya sekunde moja.

Tahadhari kubwa ni kwamba ruta haijui lolote kuhusu hifadhidata. Seva mbili zikitangaza anwani hiyohiyo kwa wakati mmoja, mtandao hautalalamika. Utampeleka kila mteja kwa iliyo karibu naye. Kwa huduma isiyohifadhi hali, kama vile DNS, hilo ndilo linalotakiwa, na seva za mizizi za DNS duniani hufanya kazi hivyo. Kwa hifadhidata inayoandikwa, ni maafa. Kwa hiyo tangazo lazima lifungwe kwa uamuzi wa klasta: litolewe baada ya klasta kuikabidhi nodi hiyo huduma, na liondolewe huduma inapozimwa, hata kama seva yenyewe bado inapumua.

Katika wingu sura ya mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu mtandao wenyewe ni programu, na kwa kawaida hausikilizi matangazo ya ARP yasiyoombwa hata ndani ya subneti moja. Kwenye AWS subneti hukaa ndani ya eneo moja la upatikanaji na haiwezi kuvuka kwenda jingine, hivyo klasta yoyote inayotaka kujilinda dhidi ya kuanguka kwa eneo ni ya subneti nyingi bila kupenda. Njia inayotumiwa huko ni kuchukua anwani iliyo nje ya masafa ya mtandao na kuiandika kwenye jedwali la njia ikielekezwa kwenye kadi ya nodi iliyo hai. Wakala wa klasta huibadilisha kwa kuita API ya mtoa huduma (njia ya programu kuuamrisha mtandao wake), na ukaguzi wa chanzo na mwisho wa safari ya pakiti kwenye kadi hizo lazima uzimwe. Kwenye Azure kazi hiyo mara nyingi hupewa kisawazisha mzigo, ambacho hupima afya ya nodi kutoka anwani 168.63.129.16, na fayawoli ya seva ikiizuia anwani hiyo, nodi zote huonekana zimekufa.

Nani yuko hai, na nani ana haki ya kusema hivyo

Hadi hapa tumezungumzia wateja. Nodi zenyewe nazo huzungumza, na mazungumzo yao yakivuka ruta hupata tabia mpya. Kila nodi hutuma mapigo kwa wenzake. Yakikosekana kwa idadi iliyowekwa, mwenzake huhesabiwa amekufa. Windows Server 2016 hutuma pigo kila sekunde moja na huvumilia mapigo 10 yaliyokosekana ndani ya subneti moja, lakini 20 kati ya subneti tofauti. Matoleo ya awali yalivumilia matano tu, na Microsoft iliyalegeza baada ya kuona kwamba hitilafu ndogo za mtandao zilikuwa zikihamisha huduma bila sababu ya msingi. Corosync, inayotumiwa na Pacemaker kwenye Linux, kwa muda mrefu ilikuwa na subira ya tokeni, ujumbe unaozunguka kati ya nodi, ya milisekunde 1000, na matoleo mapya yameipandisha hadi 3000. etcd, hifadhidata ambayo Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena) huitegemea, hutuma pigo kila milisekunde 100 na huanza uchaguzi mpya wa kiongozi baada ya 1000.

Tarakimu hizi zilipangwa zikilenga hasa mtandao wa karibu. Nuru ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo vituo vilivyotengana kwa kilomita 1,000 za nyuzi vina ucheleweshaji wa milisekunde 10 kwenda na kurudi hata kabla ya kuhesabu ruta yoyote. Milisekunde 10 haziui klasta. Kinachoiua ni kukatika kwa sekunde chache wakati mtoa huduma wa mtandao anapohamisha njia, jambo ambalo mtumiaji wa kawaida halioni na klasta iliyokazwa mno hulitafsiri kuwa kifo.

Na kifo kinachodhaniwa ni kibaya kuliko cha kweli. Kiungo kati ya vituo kikikatika, kila upande huona mwenzake ametoweka, na kila upande ukijitwalia huduma, data huanza kuandikwa mahali pawili. Kinga yake ni akidi: upande wenye kura zaidi ya nusu ndio wenye haki ya kuendelea. Nodi mbili zina kura mbili, na moja si zaidi ya nusu ya mbili, ndiyo maana huwekwa shahidi mwenye kura ya tatu. Shahidi huyo akiwekwa katika kituo kimojawapo, kituo hicho kikizimika hutoweka pamoja na kura mbili kati ya tatu, na upande wa pili, ingawa ni mzima, hautaruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo shahidi huwekwa mahali pa tatu, panapofikiwa na kila kituo kwa njia isiyopita kwa mwenzake. Windows Server 2016 ilileta shahidi wa wingu anayehitaji muunganisho wa HTTPS tu. Corosync ina huduma ya qnetd inayosikiliza kwenye TCP 5403. Shahidi hahitaji mashine kubwa wala kiungo cha kasi. Anahitaji tu kutokuwa na upande, na hilo ndilo hukiukwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa kuna nafasi kwenye seva fulani iliyopo tayari katika kituo kikuu.

Akidi hata hivyo hujibu swali moja tu, la nani anaruhusiwa. Haimhakikishii mshindi kwamba aliyeshindwa amekwisha kuacha. Ndani ya chumba kimoja hilo hutatuliwa kwa kumzima aliyeshindwa kwa nguvu kupitia kifaa cha umeme au kadi ya usimamizi wa mbali. Lakini kifaa hicho kikiwa katika kituo kisichofikika, amri haifiki. Kwa umbali hutumiwa njia zinazomtaka aliyeshindwa ajizime mwenyewe: kihesabu cha maunzi kinachoiwasha upya seva iliyopoteza akidi, au tiketi zenye muda wa mwisho kama zinazotolewa na programu ya booth, ambapo mshindi husubiri tiketi ya zamani iishe kabla ya kuanza. Subira hiyo huongeza muda wa kukatika kwa huduma, na ni ya lazima.

Mnamo tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub ilipata somo la gharama kubwa katika eneo hili. Matengenezo ya vifaa vya nyuzi yalikata mawasiliano kati ya kitovu cha mtandao na kituo chake kikuu cha data katika pwani ya mashariki ya Marekani kwa sekunde 43. Mfumo wa kusimamia hifadhidata, uliokuwa ukitumia makubaliano ya aina ya Raft (nodi hupiga kura kumchagua kiongozi), ulipata akidi bila kituo hicho na kuhamishia uandishi pwani ya magharibi. Akidi ilifanya kazi barabara. Lakini kulikuwa na maandishi yaliyokwisha kufika mashariki bila kurudufishwa magharibi, na mapya yakaanza kuandikwa magharibi, kwa hiyo pande mbili zikawa na data ambayo haikuweza kuunganishwa kwa urahisi. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11. Urudufishaji usiosubiri ukivuka umbali mrefu, kuhamisha huduma haraka ni uamuzi wa kuhatarisha maandishi ya mwisho, na aliyesanidi subira fupi ameufanya uamuzi huo tayari, ajue asijue.

Mambo madogo yanayoangusha makubwa

Kila nodi iwe na lango la msingi moja tu. Nodi yenye kadi mbili, moja ya wateja na moja ya mapigo, hushawishi kuwekewa malango mawili, na matokeo yake ni pakiti kutoka kwa mlango usiotarajiwa. Subneti ya mapigo ya upande wa pili ifikiwe kwa njia tuli iliyoandikwa waziwazi. Kwenye Linux, kigezo cha rp_filter kikiwa 1 hutupa pakiti iliyoingia kwa kadi ambayo si njia bora ya kumrudia mtumaji, na klasta yenye njia mbili hukumbana nacho mapema. Thamani 2 hulegeza sharti hilo. Fayawoli zinazokumbuka hali ya miunganisho nazo hazivumilii pakiti kwenda kupitia kituo kimoja na kurudi kupitia kingine, kwa kuwa fayawoli ya pili haikuiona safari ya kwanza.

Milango ya kufunguliwa kati ya subneti ifahamike kwa majina na namba: UDP 3343 kwa mapigo ya Windows, UDP 5405 kwa Corosync, TCP 2380 kwa nodi za etcd, pamoja na milango ya urudufishaji wa data yenyewe. Kuhusu ukubwa wa pakiti, jaribio rahisi ni ping yenye baiti 1472 za data na marufuku ya kukatwa vipande, ambayo pamoja na vichwa hufikia 1500. Isipopita, utaona klasta yenye mapigo mazuri kabisa, kwa kuwa ni pakiti ndogo, huku urudufishaji ukikwama bila ujumbe wa kosa unaoeleweka. Njia mbili za mtandao kati ya vituo ni bora kuliko moja, mradi zisipite kwenye bomba moja chini ya ardhi; mkataba wenye majina mawili ya watoa huduma si ushahidi wa hilo.

Baada ya hayo, muda wa kukatika kwa huduma unaweza kuhesabiwa kwa kujumlisha: sekunde za kugundua, za kupata akidi na kuhakikisha aliyeshindwa ameacha, za kuwasha huduma upande wa pili, na za wateja kujua. Katika klasta ya Windows inayogundua kwa sekunde 20 na yenye TTL ya 300, kuipunguza subira ya mapigo hadi 10 ni kuongeza hatari ya kuhama ovyo kwa faida ya sekunde 10 kati ya zaidi ya 300. Sehemu ndefu zaidi ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, na karibu kila mara ni ile ya mwisho.

Hesabu hiyo huthibitishwa kwa mteja aliyewekwa katika subneti ya tatu, kwa kuwa aliye jirani na seva huficha makosa ya njia. Kuzima kadi ya mtandao kwa amri ni jaribio jepesi mno. Mfumo wa uendeshaji huiambia klasta mara moja, jambo lisilotokea katika ajali. Zito zaidi ni kuzikatia nodi mawasiliano kwenye ruta ili pakiti zipotee bila jibu, kwanza pande zote, kisha upande mmoja tu, ambapo A anamsikia B na B hamsikii A. Jaribio la kurudisha huduma kituo cha kwanza lifanywe pia, na lifanywe kwa mkono. Kurudi kwa kujiendesha kunafaa ndani ya chumba kimoja. Kati ya vituo viwili, kiungo kinachokatika na kurudi kila baada ya dakika chache kitaifanya huduma ihame pamoja nacho, na kila safari itawatoa wateja wote upya.